Mbwa Niliyemsikia

Kazini wananiita Siku Kumi. Si jina la heshima wala la matusi, ni jina la kazi tu. Mbwa akimuuma mtu katika mji wetu, mimi ndiye ninayebisha hodi siku hiyo hiyo, faili kwapani, nikamweleza mwenye mbwa sheria ya halmashauri. Na kwa kuwa saa hiyo watu wanakuwa wanapiga kelele, naieleza mara mbili. Mbwa hauawi. Hauzwi. Hapelekwi kwa shangazi kupumzika. Anafungwa mnyororo ndani ya uzio siku kumi kamili, na mimi nakuja kumtazama siku ya kwanza, ya tatu, ya tano, ya saba na ya kumi. Namtazama akila, namtazama akinywa maji. Kama alikuwa na kichaa siku alipouma, hafiki siku ya kumi akiwa mzima. Akifika, aliyeumwa anaachishwa sindano zilizobaki na watu wanarudi kwenye shughuli zao.

Fomu yangu ina mambo mengi, lakini mstari wa maana ni mmoja, uko chini kabisa: "Nimemwona mnyama kwa macho yangu, amekula na kunywa mbele yangu." Halafu sahihi. Nimeusaini mstari huo kwa miaka ishirini na mitano. Mwaka juzi nilimshitaki kwa mkuu kijana mmoja wa idara yetu ya mifugo aliyeusaini akiwa amekaa kantini anakunywa soda. Alihamishiwa machinjioni. Nilimwambia usoni kwamba nimemtendea wema, na nadhani hata kidole nilimnyooshea.

Nasema haya mapema ili baadaye nisionekane najitetea.

Mbwa wa habari hii aliitwa Meneja. Mwenyewe alimpa jina hilo kwa sababu, alivyosema, hakuna kazi aliyoifanya zaidi ya kuzunguka uani akikagua za wenzake. Na huyo mwenyewe ndiye aliyenifundisha kazi. Mji mzima unamwita Mzee Chanjo, maana kwa miaka thelathini hakuna mbwa wala paka aliyekatiza mbele yake akaondoka bila kuchomwa. Mimi namwita Mwalimu. Alinipokea nikiwa sijui hata kushika bomba la sindano, mkono unatetemeka, mbwa anatetemeka, na yeye akiwa katikati yetu anacheka. Sasa amestaafu. Mkewe alifariki miaka mitatu iliyopita, watoto wako mbali, na nyumbani mwake walibaki wawili, yeye na Meneja.

Aliyeumwa ni Mama Dobi. Ni mama wa miaka sitini hivi, anayefua na kupiga pasi nguo za nusu ya mtaa wetu, zangu zikiwemo. Alikwenda kwa Mwalimu kuchukua mashuka kama kila wiki. Meneja alikuwa anakula mlangoni, Mama Dobi akaruka bakuli lake badala ya kulizunguka, na mbwa aliyemjua tangu akiwa mdogo akamshika muundi. Niliyahesabu matundu ya meno mwenyewe, yalikuwa manne.

Siku ya kwanza nilimkuta Mwalimu ameshamfunga Meneja. Nikamwomba kadi ya chanjo. Akaenda ndani, akakaa muda mrefu kuliko kadi inavyohitaji, akarudi nayo ameibana na kidole gumba. Kidole kilikuwa juu ya tarehe.

"Mwalimu, sioni hapo."

Akakiondoa. Kadi ilikuwa imepitwa na miaka miwili. Mtu aliyechanja mji mzima, mbwa wake mwenyewe hakuwa na chanjo. Uso wake ulisawijika, akaanza kueleza kwamba mkewe alipofariki alipoteza hesabu ya mambo mengi, na mimi nikamkatiza haraka kwa sababu sikuweza kumsikiliza akijieleza kwangu. Kwenye fomu nikaandika, "Kadi haikupatikana." Huo ulikuwa uongo wa kwanza, mdogo, na niliuita adabu.

Mama Dobi akaanzishiwa sindano zahanati. Zilikuwa tano, na alitakiwa amalize zote isipokuwa mbwa apite siku zake kumi. Sindano hazikumsumbua sana. Kilichomsumbua ni mjukuu wake, binti wa miaka minne anayelala naye kitanda kimoja. Nesi alimweleza kwamba hawezi kumwambukiza mtoto kwa kulala naye, lakini Mama Dobi alimpeleka kwa jirani vilevile, na kikombe chake mwenyewe akakiweka juu ya kabati ambako mtoto hafiki. Kila nilipopita aliniuliza swali moja: "Meneja kaamkaje?" Nami nikamjibu, "Amekula, mama." Siku ya tatu kala. Siku ya tano kala. Siku ya saba kala, kanywa, halafu akanirukia kwa furaha na kunichapa makucha yenye tope kwenye suruali, mapajani pote.

Siku ya kumi ndiyo siku yangu.

Siku hiyo halmashauri ilikuwa na sherehe ya wafanyakazi, na mimi nilikuwa kwenye orodha ya watakaopewa cheti. Nisifiche kitu: cheti chenyewe kilikuwa cha utunzaji bora wa kumbukumbu. Nilivaa suti ya kijivu, ile ile aliyoipiga pasi Mama Dobi siku mbili kabla, akanirudishia ikiwa na mstari mbele ya suruali ulionyooka kama umepigwa kwa rula. Sherehe saa nne. Saa tatu na nusu nikabisha hodi kwa Mwalimu.

Geti halikufunguliwa. Nikasikia kandambili zinakuja, zikasimama upande wa pili.

"Nani?"

"Ni mimi, Mwalimu. Shikamoo."

"Marahaba, kijana." Nina miaka arobaini na tisa, lakini kwake ni kijana hadi nizikwe. "Umenikuta natoka kuoga. Sijavaa."

"Nimekuja kumalizia na Meneja."

"Meneja mzima. Ameshakula. Yuko kule nyuma."

Na hapo mbwa akabweka.

"Si unamsikia?" akasema Mwalimu.

"Namsikia," nikasema.

Masikio yangu hayana kasoro. Meneja anabweka kwa sauti nzito, inatoka tumboni, na akimaliza anakohoa kidogo kama mtu mzima. Ile niliyoisikia ilikuwa nyembamba, ya harakaharaka, na ilitoka kushoto, ng'ambo ya ukuta. Tena Mwalimu hajawahi hata siku moja kuniacha nje ya geti lake. Akiwa mgonjwa ananifungulia. Siku ya msiba wa mkewe alinifungulia yeye mwenyewe. Yote hayo niliyajua nikiwa nimesimama pale, wala sikuyagundua baadaye.

Nilijiambia kwamba kumwambia Mwalimu "fungua nimwone" ni sawa na kumwambia "wewe ni mwongo," na mtu hamwambii hivyo aliyemlea kazini. Lakini kama heshima ingekuwa ndiyo sababu yote, nisingeitupia jicho suruali yangu. Niliitupia jicho. Nikaona ule mstari ulivyonyooka, nikakumbuka makucha ya siku ya saba, nikatazama saa. Nikaegemeza faili kwenye nguzo ya geti, nikasaini.

Nakala ya Mama Dobi nilimpelekea njiani. Alikuwa anaanika mashuka. Akaisoma, akanishika mikono yote miwili na mikono yake iliyojaa povu, akasema, "Mungu akuzidishie, Bwana Mifugo." Kabla sijafika kona nikamsikia anamwita jirani amletee mjukuu wake. Mchana ule ule alipeleka karatasi yangu zahanati, na nesi akapiga mstari juu ya sindano mbili zilizobaki.

Nami nikapewa cheti. Nikapigiwa makofi. Mke wangu alikipigilia misumari sebuleni, mbele kabisa ya kiti ninachokalia kula, akasema sasa angalau wageni watajua kwa nini sina muda wa kurekebisha bomba la jikoni.

Siku sita zikapita. Sitasema nilikosa usingizi, maana nililala vizuri tu, na hilo ni sehemu ya ninachokionea aibu.

Siku ya kumi na sita, asubuhi, Mwalimu akaingia ofisini kwetu. Vijana wakasimama kumwamkia. Hakuketi. Alikuwa na mfuko wa plastiki, akautoa mnyororo ndani yake na kuuweka juu ya meza yangu, juu ya faili zangu. Pete moja ilikuwa imelika hadi imekatika.

"Siku ya nane," akasema.

Nikainuka nikafunga mlango.

"Hii pete niliiona siku ya kwanza, nikasema nitaibadilisha kesho. Siku ya nane naamka, mnyororo huu, mbwa hayupo. Nimemtafuta peke yangu siku zote hizi. Mitaroni, sokoni, dampo. Nikawa nasema nikimpata kabla hujajua, basi hakuna kilichoharibika. Jana yule mama kaniletea mashuka. Ananishukuru, kijana. Ananishukuru kwa kumtunza vizuri mbwa aliyemuuma. Kanikunjia na foronya bure." Akafuta midomo kwa kiganja. "Siku ile uliyemsikia ni mtoto wa mbwa wa jirani."

"Najua," nikasema.

Akainua uso. "Unajua?"

"Niliisikia sauti, Mwalimu. Haikuwa yake."

Nilitegemea atafoka, na ningeshukuru kama angefoka, maana nimezoea kufokewa na yeye. Badala yake akaketi hatimaye, taratibu, kwenye kiti cha wateja.

"Nilikuwa nimeshika komeo," akasema. "Siku zote hizi nimekuwa nikilifikiria lile komeo. Nilikuwa nimelishika kwa mkono huu. Ungesema neno moja tu, 'fungua,' ningefungua. Nilikuwa naomba useme. Nikasikia kalamu."

Nilitamani ardhi ipasuke, lakini sakafu ya ofisi yetu ni ya saruji na ilitulia pale pale. Kilichobaki kilikuwa wazi kwetu sote wawili, kwa sababu tunaujua ugonjwa ule. Ukishajitokeza kwa mtu, hauna dawa. Mama Dobi alikuwa anatembea mjini na sindano tatu badala ya tano, na hakuna aliyejua kama mbwa aliyemuuma yuko hai au amefia kichakani akitokwa na mate. Kila saa niliyokaa pale ilikuwa yake, si yangu.

"Nitakwenda kumwambia mimi," Mwalimu akasema.

"Hapana. Wewe ulinidanganya mimi. Aliyemdanganya yeye ni mimi."

Nilimkuta uani anapiga pasi, amezungukwa na mashati ya watu. Mjukuu alikuwa chini ya meza, anapanga vibanio vya nguo kwa rangi zake.

"Mama, nimekuja na habari mbaya."

"Nani kafariki?"

"Hakuna aliyefariki."

"Basi si mbaya kivile. Vuta kiti."

Sikuvuta kiti. Nikamwambia nikiwa nimesimama: mbwa alikata mnyororo siku ya nane, hajulikani alipo, siku ya kumi mimi sikuingia ndani. Nilijitahidi kuyasema kwa mpangilio, kama taarifa, kwa sababu taarifa ndiyo lugha pekee ninayoiweza nikiwa na hofu. Akaisimamisha pasi wima. Akaniangalia muda mrefu, si kwa hasira, ila kama anayekagua doa ili ajue litatoka au halitoki.

"Lakini karatasi ilisema umemwona."

"Ndiyo, mama."

"Subiri."

Akaingia ndani, akatoka na bati la biskuti. Ndani yake mlikuwa na cheti cha kuzaliwa cha mjukuu, hati ya kiwanja, picha ya marehemu mumewe, na karatasi yangu, ameitia kwenye mfuko wa nailoni isiingie unyevu. Akaitoa akanipa.

"Soma."

"Mama, unajua kilichoandikwa."

"Najua sana. Nasoma hadi vile vitambaa vidogo vya ndani ya kola, vinavyosema shati lioshwe vipi. Nataka nikusikie wewe ukisoma."

Nikasoma. Nilianza juu, kwenye tarehe, nikidhani nitapata nguvu njiani. "Nimemwona mnyama kwa macho yangu..."

"Sauti haitoki."

"Nimemwona mnyama kwa macho yangu," nikasema, "amekula na kunywa mbele yangu."

Chini ya meza mtoto akauliza, "Bibi, mnyama gani?"

"Mnyama ambaye hakuonekana," Mama Dobi akamjibu. Halafu akasema kwa sauti ile ile, bila kugeuka, "Na kikombe changu usikiguse tena, mama. Leo utalala kwa jirani."

Nesi alikuwa ameshamwambia mara tatu kwamba kikombe hakina neno. Sikuwa na uso wa kumwambia mara ya nne. Nililia pale, nami si mtu wa kulia, na hakunibembeleza. Alivua aproni, akavaa kanga nyingine juu ya ile aliyoivaa, akasema, "Twende basi huko zahanati. Wewe tangulia."

Nesi aliisoma kadi yake, akaona mstari alioupiga kwa mkono wake mwenyewe. "Nani alisaini siku ya kumi?"

"Mimi."

"Wewe?" Akacheka, akijua ni utani, kisha akaona si utani. "Wewe, Siku Kumi?"

Alimchoma ile ya nne palepale. Imechelewa siku mbili, alisema, lakini tunaendelea. Mama Dobi akamuuliza, "Na kama nimechelewa moja kwa moja?" Nesi akasema, "Tumewahi vizuri tu, mama yangu," huku akibandika pamba. Aliyasema hayo bila kunitazama, na mimi nikatazama ndoo ya sindano zilizotumika.

Jioni ile niliandika taarifa, ukurasa mmoja, yote niliyoyasikia na niliyoyajua. Asubuhi nikaiweka mezani kwa mkuu wa idara. Ni mwanamke, mdogo kwangu kwa miaka kumi na miwili, mtu makini. Aliisoma mara mbili, akaigeuza kifudifudi.

"Kamtafute mbwa kwanza," akasema. "Haya mengine tutayaongea."

Tukamtafuta, mimi na Mwalimu. Siku tatu kwa miguu, maana mbwa hatafutwi kwa gari. Mwalimu alitembea taratibu, nami sikuthubutu kumhimiza. Tulizungumza kidogo sana. Yeye aliita tu, kila mtaa, mikono ameizungushia mdomo: "Meneja! Meneja!" Mbele ya duka la vifaa vya ujenzi akatoka bwana mmoja amevaa tai, akauliza, "Naam, mzee wangu, nikusaidie nini?" Wakati mwingine wowote tungecheka hadi tukae chini. Mwalimu alimwomba radhi kwa adabu zote, tukaendelea.

Siku ya kumi na tisa tulimpata. Alikuwa kwenye kiwanda cha mbao upande wa pili wa mji, amelala juu ya vumbi la randa, amenenepa. Mlinzi alishangaa tunavyomtolea macho.

"Huyu? Kaja mwenyewe, leo siku ya kumi na moja. Anakula chochote. Sisi tunamwita Mgeni."

Meneja akasikia sauti ya Mwalimu kabla hajamwona, akabweka, sauti nzito ya tumboni, halafu akakohoa. Mwalimu alipiga magoti kwenye lile vumbi, akaweka uso kwenye shingo ya mbwa. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Mimi nilicheka. Nilicheka kwa nguvu, nikamkumbatia na mlinzi nisiyemjua, kwa kuwa mbwa aliyekuwa mzima siku ya kumi na tisa hakuwa na kichaa siku alipouma, na Mama Dobi alikuwa salama tangu mwanzo.

Kicheko kikakatika chenyewe. Salama yake haikuwa na uhusiano wowote na mimi. Hata nisingefanya lolote angekuwa salama, na hata kama mbwa angekuwa mgonjwa, karatasi yangu ingesema maneno yale yale.

Mkuu wa idara alinipokea akiwa anatabasamu. "Mbwa mzima, mama mzima. Hongera. Sasa sikiliza, kaka yangu." Akaifungua droo, akatoa taarifa yangu, akanisogezea kwa vidole viwili. "Hii haina kazi tena. Huna doa miaka yote hii, tusiliweke leo kwa jambo ambalo halikumdhuru mtu. Ichukue."

Sitadanganya tena kwa hili: niliichukua. Niliikunja mara nne, nikaitia mfukoni, nikatoka nayo hadi ukumbini. Pale kwenye benchi alikuwa amekaa kijana wa machinjioni, yule wa soda, ameleta ripoti za wiki. Akasimama haraka. "Shikamoo, mkuu," akasema, akanipisha njia huku ameinamisha kichwa. Niliitikia marahaba. Kisha nikarudi ndani, nikaikunjua karatasi na kuiweka mezani kwa mkuu, na makunyanzi yake yote.

"Ipigwe muhuri, dada," nikasema. "Na yule kijana aliyekaa nje arudishwe huku. Alilolifanya yeye nimelifanya mimi, tena yeye hakuwa na cheti."

Hakufurahi. Alisema ataipeleka juu, na kwamba nisije kumlaumu. Sikumlaumu.

Kuna neno moja Mama Dobi aliniambia siku ile ya zahanati, tukirudi, nami sijalitaja. Alisema, "Mkimpata, msiniletee karatasi. Nileteeni mbwa." Kwa hiyo siku ile ile, alasiri, tukampelekea. Mwalimu alishika mnyororo mpya kwa mikono miwili. Mimi nilibeba fomu mpya.

Uani mlikuwa na mashuka kamba tatu. Mama Dobi alipomwona Meneja alirudi nyuma hadi akagusa beseni, na niliona mkono wake unavyoshika ukingo. Mjukuu alikuwa anachungulia dirishani kwa jirani. Mwalimu akavua kofia.

"Mama, mimi ndiye niliyeficha. Huyu alisaini, lakini uongo niliupika mimi. Nisamehe."

"Mzee wangu," Mama Dobi akasema, "ungeniambia siku ya nane, ningekusaidia kumtafuta. Mimi ndiye niliyekuwa na haja naye kuliko ninyi nyote." Mwalimu akaitazama kofia yake.

Mama Dobi akaingia jikoni, akatoka na bakuli la makombo ya mchana na mfupa juu yake. Nikanyoosha mkono nimpokee, akaukwepa. Alitembea mwenyewe hadi pale mnyororo ulipoishia, akaliweka chini, akarudi hatua mbili, akasimama. Meneja akala. Alikula hadi akalamba chini ya bakuli, na mama yule akamtazama tangu tonge la kwanza hadi la mwisho, bila kupepesa.

"Maji," akasema.

Nikamletea maji, akayaweka mwenyewe. Meneja akanywa kwa kelele, akapiga chafya, akaanza kukagua beseni la nguo. Hapo ndipo Mama Dobi alipovuta pumzi ndefu, akageukia dirisha la jirani na kumpungia mtoto mkono aje.

"Haya, leta hiyo fomu yako."

Nikaifungua juu ya meza ya pasi. Kwenye ule mstari wa chini alisoma kwa sauti, polepole, kila neno: "Nimemwona mnyama kwa macho yangu, amekula na kunywa mbele yangu." Akachukua kalamu, akaandika jina lake lote, la kwake, la baba yake na la marehemu mumewe, mahali ambapo kwa miaka ishirini na mitano pameandikwa langu. Nikaanza kuikunja.

"Unakwenda wapi?" akasema. "Yako iko wapi?"

"Sistahili, mama. Imetosha hiyo yako."

Akanirudishia kalamu, akanisogezea na karatasi. Hakuwa amekasirika wala hakuwa amenisamehe. Alikuwa anataka kazi imalizike ili arudi kwenye mashati yake.

"Saini na wewe," akasema. "Leo umemwona."

Nikasaini. Sahihi haikufanana na yangu ya siku zote, na yeye akasubiri, anatazama, hadi nilipomaliza.